Matete Niliyoyang'oa

Gatete, karibu na Rumonge

Baba,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Kukuandikia barua kama hii ni kukubali kwamba umekufa, nami tangu ule mwaka wa sabini na mbili nimekataa. Shehe alikuja mara tatu kuniambia watu wanaweza kukuswalia hata kama mwili haukuonekana. Mara ya tatu nilimjibu vibaya, akaondoka bila kunywa chai. Najua ungeniita pembeni: "Mama, ulimi wako utatuchomea nyumba." Ulinipa jina la mama yako, ndiyo maana hata ukinigombeza ulinigombeza kwa heshima.

Lakini leo nina la kukiri.

Unaukumbuka mfereji? Mwaka wa Uhuru, wenzako wakicheza ngoma Rumonge, wewe ulinitia jembe mkononi tukachimba kutoka pale tunapokamulia mawese hadi kwenye matete ya mdomo wa mto. Nilinung'unika siku nzima. Ziwa si lile pale? Si tumwage tu maji machafu humo, tukapumzike? Ukacheka. "Hapana, Mama. Acha matete ikunywe kwanza, ziwa itakunywa nyuma." Nikadhani ni ubishi wako wa kila siku.

Halafu, miaka kumi baadaye, ikaja ile miezi ya watu kusakwa na kuuawa, ukajificha humo humo kwenye matete. Siku sita nilikuja mchana kweupe na ndoo ya maji machafu kichwani, kama mtu aliye kazini, bakuli la bugali nimelifunga tumboni chini ya kitenge. Nilikuwa namwaga maji mferejini, nakohoa mara mbili, naacha bakuli, narudi bila kugeuka. Kesho yake nalikuta tupu, tena limeoshwa. Wewe na usafi wako! Mtu anawindwa, anaosha bakuli. Siku ya saba chakula kilikuwa palepale, kimejaa sisimizi.

Baadaye ikatoka amri kila nyumba itoe mtu wa kufyeka matete, yasiwe maficho tena. Watu husema sote tulifanya kwa kulazimishwa. Kwangu mimi si kweli, Baba. Wenzangu walikata juu juu wakaenda zao. Mimi nilibaki peke yangu, wiki baada ya wiki, nikang'oa hadi mizizi na kugeuza tope kwa mikono hii, kwa sababu nilikuwa nakutafuta. Nilitaka hata kifungo cha shati lako. Sikupata kitu. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba matete yakikatwa huota tena. Haya ya kung'olewa hayakuota.

Sasa mfereji wako unakwenda moja kwa moja ziwani. Sikuacha kukamua, maana tungekula nini? Na mvua ikinyesha, udongo wa milimani nao unapita bila wa kuuzuia. Ukisimama mbali utasema hakuna neno, maji ni ya bluu kama zamani. Ubaya uko chini. Ule mchanga tuliokuwa tunasugulia sufuria umefunikwa na tope jeusi linalonuka kama yai viza. Ukilikanyaga, mafuta yanapanda, ya mwaka huu na ya mwaka juzi, yanakuzunguka mguu. Lile tope huweka kila kitu. Wale samaki kuhe hawaji tena kutaga karibu na ufuko, na wavuvi wananitazama mimi.

Ramazani, mjukuu wako ambaye hukumwona, ana vidonda miguu yote miwili. Wiki iliyopita aliniita kutoka majini: "Mama, ziwa iko na macho!" Nilikimbia, Baba. Nilikimbia nikijua umeonekana. Kumbe ni matone ya mafuta, duara duara, yanapanda pale alipokanyaga, yananitazama. Nilimbeba nikalia mbele za watu, mimi ambaye sikuwa nimelia tangu siku ya saba.

Dawa yake nilikuwa naijua siku zote. Nilikuwa naogopa. Kupanda matete pale ni kukufunika, na nikishakufunika nitakutafuta wapi tena? Basi nikamwacha mtoto aoze miguu ili mimi nisiache kukutafuta. Nisamehe. Na yeye anisamehe atakapokua.

Juzi nilikwenda hadi mto wa pili, njia ya Nyanza-Lac, nikaomba mizizi ya matete. Iko kwenye karai nyuma ya nyumba, nimeifunika gunia bichi. Mfereji nimeuziba kwa mawe, maji machafu nayabeba hadi shimo la juu shambani mpaka matete yapate nguvu. Mgongo unaniuma, sikufichi.

Ijumaa utaswaliwa. Nilikwenda kwa shehe kuomba radhi, na aliporudi kwetu alikunywa chai, vikombe viwili.

Jumamosi nitaanza kupanda pale pale nilipokuwa naacha bakuli. Nakuahidi sitang'oa tena hata mzizi mmoja, na mwenye panga atanipitia mimi kwanza. Nikimaliza nitakohoa mara mbili, ujue ni mimi. Halafu nitarudi nyumbani kwa mtoto, bila kugeuka.

Kwaheri, Baba.

Mwanao, uliyemwita Mama