Tanzia Niliyomwandikia Nuha

Merrylands, 16 Agosti 2021

Binti yangu Verdiane,

Naomba radhi kwa kunyamaza tangu Juni. Natumaini u mzima, wewe na wanao hapo Doonside, na kwamba kazini bado wanakupa barakoa za kutosha. Kifua changu ni kizima. Kichwa ndicho kimeduwaa.

Nuha amefariki. Yule jirani yangu Mpalestina, mwandishi, aliyekukaripia kwa kuweka maziwa katika chai yake. Jumanne tulizungumza kwa simu. Alikohoa, akasema ni vumbi la vitabu. Alhamisi hospitali ikampigia Adnan, kaka yake. Corona.

Unajua nilikuwa nikikitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili. Kwa miaka arobaini aliandika juu ya Haifa, mji walikotolewa wazazi wake, na kila Mei, kukumbuka kufukuzwa kwao, alisimama na bango mbele ya ukumbi wa jiji, hata mvua inyeshe. Neno “mkimbizi” alilikataa. “Limetokana na nini?” aliuliza. Nikamweleza: kukimbia. “Sisi hatukukimbia, Mwalimu. Tulifukuzwa. Tafuta jingine.” Mimi niliyeitwa mkimbizi miaka yote ya kambini Kibondo, kabla ya kuhamia huku ughaibuni, sikuwahi kulihoji neno hilo.

Jana niliandika tanzia, nikaituma kwa jamaa zake wote kwa Kiswahili, lugha aliyotamani kitabu chake kisomwe kwayo. Kiingereza ningekituma baadaye. “Hayati Nuha Sabbagh, mwandishi na mtetezi wa Palestina, ametutoka.” Niliikagua mara mbili. Leo Adnan amekuja hadi uani, barakoa imelowa machozi, akaniuliza kwa ukali: “Tangu lini?” Nikamjibu: “Tangu Alhamisi.” Akaondoka bila kuaga.

Nimekosea wapi?

Baba yako mkubwa,
Méthode


Doonside, 17 Agosti 2021

Shikamoo Baba,

Pole, pole sana. Sisi wazima, ila watoto wamechoka na shule ya kompyuta. Nilisoma barua yako wakati wa breki, nikakaa chini kwenye korido. Nuha? Si juzi tu aliniambia chai yangu ni uji?

Sasa, hiyo tanzia. Nimemwonyesha Rima, Mlebanoni ninayefanya naye kazi. Akapiga yowe. Baba! Kwa Kiarabu “hayati” siyo mtu aliyekufa. Ni “maisha yangu”. Ndivyo mtu anavyomwita mpenzi wake! Hawajui Kiswahili, neno walilolitambua ni hilo tu: umeandikia ukoo mzima, mpaka wale wa Beirut, “Maisha yangu Nuha”. Halafu mtu anakuuliza tangu lini, unamjibu tangu Alhamisi!

Nimecheka, nikalia tena. Maneno yako imenitoa machozi. Lakini Baba, Mama mkubwa ametuacha miaka tisa sasa. Kwani ni uongo?

Binti yako,
Verdiane


Merrylands, 20 Agosti 2021

Binti yangu Verdiane,

Marahaba. Ni “yamenitoa”, si “imenitoa”. Nashukuru kwamba watoto ni wazima.

Nilipomaliza kukusoma nilichukua simu. Nikampigia Adnan, nikaanza na asili ya neno. Akanikatiza: “Mwalimu, ngoja. Mama ameshaisoma.”

Mama yao ana miaka tisini na mmoja. Alitolewa Haifa akiwa msichana. Nuha hakuolewa, na mama alizoea kumlaumu kwamba ameipa Palestina kila kitu, hakujibakizia hata mtu wa kumlilia. Sasa ameikumbatia simu, anawaambia majirani kupitia dirisha: “Kumbe alikuwa na mtu.”

Mazishi ni Jumatatu. Wanaruhusiwa watu kumi tu. Mama ameamuru nafasi ya kumi iwe yangu, nisimame kando yake. Binamu yao ameondolewa ili mimi niingie.

“Ukitaka kumwambia ukweli, mwambie kabla ya siku hiyo,” Adnan akasema. “Nafasi itarudi kwa binamu, nami ndimi nitakayemtazama usoni akisikia. Usipomwambia, basi njoo, lakini usije na kamusi.”

Nimesahihisha makosa ya watu maisha yangu yote, Verdiane. Sijawahi kuliacha kosa lipite kwa sababu linamfariji mtu. Na lile swali lako la utani, nilitamka “ndiyo, ni uongo” peke yangu jikoni, nikashtuka kwamba sijiamini. Nimelisoma neno “hayati” kwa Kiswahili, nimelisoma kwa Kiarabu. Sioni kosa.

Adnan anataka jibu kesho. Nikishaamua, nitakuandikia.

Baba yako mkubwa,
Méthode