Cheti cha Daraja la Pili na Mashine Namba Tatu

Mzee Shomari,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, maana miaka sita sikuwahi kuingia kiwandani bila kukuamkia kwanza, na leo wa kuitikia hayupo.

Cheti changu kimefika. Daraja la Pili, Ukaguzi na Uboreshaji wa Uzalishaji, na jina langu limeandikwa sawasawa, Anjelina, bila kukosewa hata herufi. Ungekuwepo ungekizungusha kiwanda kizima ukiwaonyesha watu. Mimi nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni nikakisukuma chini ya godoro, na kila nikigeuka nakisikia kinachakarika.

Unakumbuka ulivyonianzisha? Wa Daraja la Kwanza anahesabu, ulisema. Wa Daraja la Pili anaiuliza hesabu kwa nini. Nilikuwa mkaguzi wa khanga, kazi yangu kutupa pembeni doti zilizoharibika na kulalamika. Wewe, fundi wa kupanga rola za mashine namba tatu zamu ya asubuhi, ndiye uliyenipa karatasi ya miraba na penseli: kila kosa kijiti kimoja, cha tano kinakatiza vinne, kila mashine na safu yake, kila zamu na safu yake. Siku ya kwanza nilisahau kuandika zamu, ukanirudisha nikaanze upya. "Namba haimwamkii mkubwa, mwanangu," ukaniambia. "Usione haya mbele yake." Nikacheka. Laiti ningesikia.

Mtihani ulitaka kumbukumbu za miezi mitatu: tafuta kosa linalorudiarudia, taja chanzo chake, pendekeza dawa. Kosa letu kila mtu alilijua, rangi kupishana, nyekundu kuangukia nje ya mstari wake mweusi, na karibu lote lilitoka namba tatu. Lakini nilipozipanga karatasi kwa zamu, Mzee, niliona kitu. Fundi mwenzako Hamisi akizipanga rola zamu ya mchana, namba tatu ilichapa safi. Ukizipanga wewe asubuhi, vijiti vilijaa ukurasa. Nikahesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu nikiomba niwe nimekosea, mimi niliyekuwa naringia hesabu zangu.

Na nilikuwa nimeshakuona ukipapasa meza kutafuta spana iliyokuwa palepale, upande wako wa kushoto. Nikajua. Nawe ukanijia saa ya chai na kikombe chako mkononi, ukauliza, "Haya, namba zinasemaje?"

Nikasema ni mashine. Rola zimechoka.

Uso wako ulivyokunjuka! Ukasema ulijua tangu zamani. Ningewezaje, Mzee? Kwetu Njombe mtoto hamwambii baba yake kwamba ameanza kutoona, na hapa kwenu Temeke nimekuta vivyo hivyo. Basi nikaiondoa ile safu ya zamu, nikajumlisha zamu zote pamoja, nikaandika: chanzo, mashine namba tatu. Wasahihishaji wakanisifu kwa unadhifu.

Halafu kiwanda kikauzwa. Mwekezaji alikuwa anatafuta pa kuanzia kupunguza, akaikuta karatasi yangu, imepigwa mistari kwa rula. Namba tatu ikaondolewa, na nyie wanane mliokuwa mkiifanyia kazi mkapewa barua za kuachishwa kazi asubuhi moja, ya kwako ikiwa ya juu. Hukunilaumu. Ulinipa mkono pale getini ukasema, "Umefanya kazi yako." Heri ungenitukana.

Miezi mitano baadaye ukavuka barabara pale Mtoni, mchana kweupe, na lori likatokea kushoto.

Tangu uondoke hakuna kilichonyooka. Hamisi anatembeza mitumba Tandika, amekonda mpaka nilimpita bila kumjua. Namba tatu yenyewe ilinunuliwa na kiwanda kidogo cha Kipawa. Nilitumwa huko mwezi uliopita kukagua kitambaa, nikaiona, rangi yake ya kijani imebanduka mahali palepale. Inachapa safi. Nilisimama mbele yake mpaka wakaniuliza kama naumwa. Rola hawajabadilisha, niliwauliza. Ni zilezile.

Bado nilikuwa najidanganya. Nilisema moyoni, nilimlindia mzee wangu heshima, na ajali ni kazi ya Mungu. Ndipo Jumamosi iliyopita mkeo, Bi Mwajuma, ambaye bado amekaa eda, akanisimulia jambo bila kujua anamsimulia nani. Kwamba alikusihi sana uende hospitali ukapimwe macho, ukamgomea. Kwamba ulimjibu, "Ingekuwa ni macho yangu, Anjelina angeona. Karatasi yake imesema ni mashine."

Kumbe ulikuwa unanitegemea mimi. Ulinifundisha kuhesabu ukaja kuiamini hesabu yangu kuliko giza lililokuwa kwenye jicho lako mwenyewe. Mzee, hapa nimeandika na kukata mara nne.

Akanipakulia wali, akaniita mwanangu. Nikala. Nilikula ukaisha, na sikusema.

Sikuombi msamaha. Hata ungenipa, usingemrudisha mtu. Wala sitarajii kitu: nikisema kweli, mwekezaji hatanunua tena mashine wala kuwaita wale saba, na cheti wakikichukua wakichukue.

Kwaheri, mzee wangu. Mola akupe nuru huko uliko, huku uliikosa kwa sababu yangu. Nakuahidi moja tu. Jumamosi hii nakwenda Mtoni kumweleza Bi Mwajuma yote, na baada yake wale saba, nyumba kwa nyumba. Najua naye nitampoteza, na sina mama mwingine mji huu. Nitamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, viatu miguuni, kabla hajanitandikia mkeka, kwa sababu nikishakula chake mara nyingine sitasema kamwe.

Mwanafunzi wako,
Anjelina