Mvinje wa Bi Zuhura

Gerezani, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako je, linakuacha ulale siku hizi? Na Baba bado anapanda mtini mwenyewe kukata majani ya ng'ombe? Mwambie apumzike, asije akatuangukia. Sisi huku wazima, ila joto linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa.

Najua mlitusubiri. Mabasi mengi yamechukuliwa kupeleka askari mpakani, na petroli haipatikani. Elisante alidamkia stendi wiki nzima akirudi mikono mitupu. Basi, Krismasi yangu ya kwanza nje ya nyumbani. Nililia, mama, sikufichi.

Sasa nikupe habari yenyewe. Mkwe wako Elisante unamjua, akiona watoto wamenuna hatulii. Neema alimwuliza, "Baba, na mti je?" Huko nyumbani Baba hukata tawi la mkrismasi pale uani, tunalipamba, na mti wenyewe unaota tena kana kwamba haukuguswa. Elisante akadhani miti yote iko hivyo. Nami nikiwa Kariakoo kwenye foleni ya sukari, huku nyuma akachukua panga akaukata mvinje ulio uani kwa mwenye nyumba wetu, Bi Zuhura. Katikati! Niliporudi nikakuta kilele kimesimama kwenye debe la mchanga chumbani kwetu, watoto wanashangilia, na yeye anatabasamu kama bwana harusi.

"Uliomba?" nikamwuliza.

"Ni mti tu, Mama Neema. Utaota."

Mara tukasikia kilio uani. Bi Zuhura ndiye yule mama wa pwani niliyekuandikia habari zake, aliyenikanda nilipojifungua na kuninywesha uji wa pilipili manga kwa mkono wake. Alikuwa amekaa chini, ameshika shina. Hakututukana. Afadhali angetukana! Alisema tu, "Kitovu cha Saidi kiko hapa."

Saidi ni mwanawe wa pekee, mama, na yuko huko huko mpakani, vitani. Alipozaliwa walizika kitovu chake pale, wakapanda mti juu yake. Tangu aondoke, kila asubuhi Bi Zuhura huumwagilia maji yanayobaki kwenye birika baada ya kutawadha, huku akiusemesha. Mimi nilimwona siku zote nikadhani ni mambo ya uzee.

Elisante alitoka kuomba radhi, akaongea weee! Bi Zuhura akaingia ndani akafunga mlango. Jioni ile hakuwasha jiko, na kesho yake hakututazama. Hakutaja kutuhamisha, lakini mimi lililonikosesha raha ni jingine. Je, habari mbaya ikija kutoka mpakani? Ataamini ni panga letu. Nami, na ulokole wangu wote, ningeamini nusu.

Ndipo nikakumbuka isale, lile jani letu la kuombea radhi. Nikakimbia sokoni kwa Mama Ndekirwa, yule wa kwetu anayeuza ndizi, maana mizigo yake hutoka huko nyumbani.

"Mmemkosea nani?" akaniuliza kabla sijaketi. Anajua kwetu mtu hatafuti isale kwa mapambo. Akapekua kwenye matenga yake hadi akapata jani moja, limesinyaa kwa safari, lakini isale ni isale. Nikalipiga fundo kama ulivyonifundisha.

Asubuhi ya mkesha tukapiga hodi kwa Bi Zuhura, mimi na Elisante, yeye kavua viatu kama anaingia msikitini. Nikampa lile jani kwa mikono miwili.

"Hili nalo mmelikata wapi?" akauliza.

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akikukosea, hata kama ni kosa kubwa namna gani, akikuletea jani hili limefungwa fundo hulikatai. Akaligeuza, akaligeuza.

"Kwa hiyo mmekuja kunilazimisha nisamehe?"

"Ndiyo, Bibi," Elisante akajibu upesi. Nikamkanyaga mguu.

Bi Zuhura akacheka! Kicheko kidogo, halafu machozi yakafuata. Akalichomeka jani kwenye kanga yake, kifuani. Akasema, "Nimewasamehe. Lakini mmekata, na mmeniletea kilichokatwa. Hiki kesho kitakauka. Nileteeni lenye mizizi nipande hapo, Saidi akirudi akute kitu kimesimama."

Siku ya Krismasi hatukuwa na mti chumbani. Kile kilele Elisante alikikatakata, majani akayatandaza kwenye shina ili udongo usikauke. Shinani kumebaki tawi moja la chini, limenyooka upande wa jikoni. Watoto wakalipamba pale pale lilipo kwa vizibo vya soda, na Bi Zuhura mwenyewe akafunga kipande cha kanga kuukuu. Nilipika machalari ya ndizi na nyama, tukala uani juu ya majani ya mgomba aliyonipa Mama Ndekirwa. Bi Zuhura akaonja, akauliza, "Nyie watu wa milimani, nazi hamzijui?" Lakini alirudia.

Leo asubuhi aliniita. Akanipa birika, akasema, "Mwagilia wewe, mimi mgongo unauma." Hauumi, mama. Namjua. Nikamwagilia. Kuusemesha nikashindwa, sikujua nianzie wapi, basi nikasema, "Saidi, rudi." Bi Zuhura akaitikia amina.

Sasa mama, nakuomba. Nenda pale kwenye mpaka wa shamba letu na la baba mdogo, chimba isale moja. Usilikate, lichimbe na mizizi yake na udongo wake, ulifunge kwa ganda la mgomba lililoloweshwa, uwape wanaoleta ndizi za Mama Ndekirwa. Fanya upesi, tafadhali.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, shangazi wa kule mtoni, na mama mchungaji. Elisante anakuamkia kwa aibu, na Neema anamwulizia yule ndama.

Na Baba mwambie mwakani tukija asikate tawi. Tutaupamba mkrismasi pale pale uliposimama. Miaka yote hiyo tumeukata, mama, na sijawahi kuuliza mliupanda kwa ajili ya nani.

Mwanao akupendaye,
Aikaeli