Saa ya Motoka ya Bwana Dakika

Kamina, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Baba Kyungu,

Unisamehe. Tangu tulikuzika miezi sita inapita, na sikukuandikia ata mustari moja. Mbele nilikosa karatasi. Kisha Kabange aligonjwa, akapona, Kyungu naye akagonjwa, unajua vile mapasa yetu banapokezana. Kisha nilikuwa na hasira na weye, na bamaseri ba misioni balitufundisha ku masomo: usiandike barua na hasira. Nikangojea ipite. Haikupita. Njo naandika nayo.

Batoto banatembea sasa. Kabange iko na meno sita, Kyungu nane, na yote anayajaribisha ku bega yangu. Kila mwanaume mwenye kofia banamuita tata, baba. Mbele nilikuwa naona haya. Sasa naacha baite, benye kofia beko bengi.

Nikuambie ya saa.

Siku ya pili nyuma ya mazishi, ile saa ya ku tablo, mbele ya usukani, ya motoka ya Bwana Dakika, muzungu yako wa kazi, ilisimama. Ilifika tatu na robo, ikakatala. Kambi yote ikasema: munaona, fundi anakwenda na saa yake. Bamama baliniachia fasi ku robine ya maji nilipofika na ndoo. Ata minyi niliona ni kintu kikubwa. Nililia juu ya ile saa kupita vile nililia ku kaburi. Nilisema: bwana yangu alikuwa anaishikilia na mikono yake miaka yote ine, sasa anaiachilia. Ujinga gani uliniachia, Baba Kyungu.

Unakumbuka vile alikuwa anakusifu. Weye mwenyewe njo ulimupa ile jina ya Bwana Dakika, juu alikuwa anahesabia bajengaji bake dakika sawa muntu anahesabu kuku mangaribi. Lakini mbele ya bazungu benzake alikuwa anakuonesha na kidole: "Shofere yangu, huyu! Ile saa ilishinda bantu bote, ni yeye peke yake anaiweza." Nawe unaniletea ile maneno ku nyumba sawa nyama, tunaikula mara mbili. Nyumba ya mabati na byumba mbili tuliipata juu ya saa, si juu ya kuendesha. Mashofere bengine banaikala mu nyumba ya majani mpaka leo.

Basi, ndugu yako mukubwa Ngoie alifika toka Bukama, ananuka samaki ya treni yote. Alibeba bintu byako, kinga yako ya magurudumu mbili, koti ya ndoa, ata byombo byako bya kazi ya saa. Kisha akaikala ku kiti yako, akasema: "Shemegi, kunabakia weye. Bibi yangu wa pili iko na kinywa mubaya, utakuwa unamusaidia kulima, atapoa." Nilimujibu na heshima: "Shemegi, nilizoea bwana mwenye kucheka." Akasema: "Cheka basi. Nyumba ni ya muzungu. Akikufukuza, treni ya Bukama unaijua fasi inasimama."

Na pale hakudanganya. Maneno yote ya hii barua ni ile: nyumba, ao Ngoie.

Kisha Bwana Dakika aliniita ku baraza. Hakusema pole. Alisema: "Nyumba ni ya muntu wa kazi. Ile saa, bwana yako alikuonesha namna?" Nikasema ndiyo. Nilimudanganya uso kwa uso, mutoto moja ku mugongo, moja ku ziwa. Niliwaza labda kidogo ya mikono yako ilibakia ku yangu, vile harufu ya muntu inabakia mu blanketi. Akasema: "Fungua. Kama inatembea, unabakia." Mbuyu, shofere yenye balitia ku fasi yako, muntu wa Kabondo-Dianda, hana kufuli ku kinywa, alikufa na kucheka: "Mama Mapasa, ile si sufuria!"

Lakini aliichomoa ku tablo, akaniletea. Niliiweka pa meza, nikaifungua mugongo na ncha ya kisu ya jikoni. Bisumari byake byote bine bilikuwa na rangi ya kiwanda, bado nzima, ata alama ya chombo hapana. Nikashangaa. Nikatoa kifuniko. Mule ndani, Baba Kyungu, mulikuwa nyumba ya manyigu. Nyumba tatu za udongo, moja juu ya ingine, kavu, wazi. Manyigu yalipita ku tundu ya nyuzi, yakazaa mara tatu mu saa yako. Hakuna mikono iliingia mule. Hakuna siku.

Niliikala pale. Kabange alilia, sikumusikia.

Kisha nilianza kuona. Asubui ulikuwa unaosha motoka, unafunga mulango, unasema unapanguza ndani, na ile wakati yote sirene ya gare ya treni inalia. Saa sita kengele ya misioni inalia, unaacha bukari ku sahani inapoa: "Naenda kuangalia kama jua haichome viti." Ulikuwa unazungusha kile kifungo ya mbele tu, unasukuma mishale, unarudi kula. Bila kidole yako ilichelewa, ikachelewa, mpaka ikakatala. Miaka ine! Ata siku ya ndoa yetu uliniacha pa mulango wa kanisa na bageni, ukasema unarudi sasa hivi, kuna kintu ku motoka. Na minyi nilijivuna! Niliambia mama: angalia, nimepata muntu wa kazi.

Nilicheka mpaka machozi. Kisha cheko ikakwisha, machozi ikabakia.

Minyi sijui saa. Lakini kintu ya kuungua naijua, kila siku natosha weusi ku sufuria. Niliona bichwa mbili bidogo bya chuma, fasi moto ya batri inapita, biliungua, bikakuwa nyeusi, habigusane muzuri. Nilichunga majivu mu kitambaa mpaka ikawa laini sawa unga wa mutoto. Nikatia ku uzi, nikapitisha uzi katikati ya ile bichwa, pole pole, mpaka bikang'aa. Manyigu niliyatosha na sindano. Mavumbi nilipanguza na manyoya ya kuku. Mbuyu akairudisha ku tablo, akafunga nyuzi za batri. Ikasema tak. Tukangojea. Dakika mbili, tak tena. Mbuyu aliacha kucheka, akavua kofia. Kyungu akamuita tata.

Ilitembea ile siku. Ikatembea juma moja, ikatembea mbili, na sirene ya gare iliikuta pa fasi yake kila asubui, bila muntu kuigusa. Bwana Dakika alikuwa anainama ku dirisha ya motoka na saa yake ya mukono, anaangalia moja, anaangalia ingine. Kisha aliniita tena ku baraza.

Aliniuliza: "Itasimama tena lini?"

Baba Kyungu, nilinyanyua kichwa. Nilijibu sawa fundi: "Bwana, haitasimama tena."

Akacheka. Mara ya kwanza naona meno yake. "Mama, weye ni hodari kupita bwana yako." Kisha na ile sauti ile ile, sawa muntu anaomba chai: "Nyumba utaiacha mwisho wa mwezi. Mbuyu ataingia."

Nikasema: "Bwana, ulisema kama inatembea, nabakia."

Akasema: "Inatembea peke yake sasa. Nikuweke mu nyumba juu ya nini?"

Njo pale nilikuelewa. Haukuwa muvivu. Ulimujua yule muntu. Ulijua siku saa itapona, ataangalia mikono yako na kuona ya shofere tu, na mabati yatakwenda. Ulikuwa unatulinda na kidole moja, asubui na saa sita, miaka ine, na ukiitwa fundi ulikuwa unainamisha kichwa, minyi nikasema ni adabu.

Lakini mbona haukuniambia? Siku ine ulilala na ile homa ya kifua, ulinishika mukono, na maneno yako ya mwisho ilikuwa nisisahau kufunika maharagwe. Maharagwe! Ungesema: usiifungue ile saa, izungushe tu. Maneno tano. Pumzi ya kusema maharagwe ulikuwa nayo. Ulimudanganya muzungu, sioni kosa. Kosa ni ulinidanganya minyi pamoja naye, sawa minyi pia ningekunyang'anya nyumba.

Sasa sikiliza vile itakuwa. Bukama siendi. Mama Zaina, bibi ya muchuuzi wa Maniema, alikuwa na saa ya ukuta yenye kulala, niliiosha na majivu, ikaamuka. Amenipa chumba nyuma ya duka na kona ya baraza. Alisema: "Ukae hapa, lakini mapasa yako yasiguse vitambaa yangu." Tayari katekista analeta saa ya babake, na bibi ya mukubwa wa gare analeta ingine. Ile za bantu nitazitengeneza kweli kweli, bantu beko bengi na saa zinaharibika kila siku. Lakini kisu ya jikoni inakwaruza, mbili nimezitia alama, na siwezi kulomba pole kila mara.

Na siri yako iko na minyi. Mbuyu aliona ile udongo ya manyigu, akaniuliza, nilimujibu: iliingia nyuma ya bwana yangu kufa. Batoto bataikala banajua baba yabo alikuwa fundi wa saa. Nakuahidi ile, na haitatoka mu kinywa yangu, ata siku utaniudhi tena. Karatasi hii naiweka chini ya jiwe ku kichwa yako, mvua ikusomee. Lala muzuri, bwana yangu, kama unaweza.

Kunabakia kazi moja, na ni yako. Marehemu anaweza kuingia mu ndoto ya ndugu yake, basi ingia kwa Ngoie. Mukute muchana, akisha kula, mu ile usingizi yake ya kukoroma. Usiende na upole. Simama ku miguu yake na ile uso ulikuwa nayo siku ya ine. Mwambie anitumie hii, asikose ata moja: turnevisi tatu ndogo za kufungua bisumari, za mushikio ya mufupa. Koleo ya midomo ya sindano. Kile kioo ya kutia ku jicho. Chupa ya mafuta ya saa, ile yenye haijafunguliwa. Byote ni bipya, weye unajua kwa nini. Kinga abakie nayo. Koti abakie nayo. Abitie mu kitunga, akishone kinywa, ampe muntu wa treni. Asibilete yeye mwenyewe.