Mitungi Miwili ya Chama cha Sufuria

Mtongwe, Likoni
4 Machi 1989

Dada Mwanakheri, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, mimi nimesimama na kalamu imekaa, nakutangazia wewe na wakazi wote wa Kisauni kwamba Faki nduguyo ameteuliwa mwenyekiti wa kamati. Kamati ina mtu mmoja. Posho yake ni lawama.

Tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu limejiona zee kuliko mwenyewe. Binti yako na kichanga chake hawajambo? Najua huwezi kuvuka kuja huku mpaka atoke arobaini, ndiyo maana naandika.

Sasa sikia. Chama chetu cha Sufuria kitachagua mtunza stoo. Waijua stoo ile: sufuria za biriani, mikeka, turubai. Hapana arusi wala matanga yapitayo hapa bila ufunguo wake, na ufunguo huo miaka yote umekaa kiunoni mwa Bi Mwanatatu, mama mkwe wangu. Safari hii katokea mshindani: Jael, mke wa Phineas, wale watu wa bara waliopanga karibu na kisima. Na wenzetu wataka tupige kura kwa mlolongo, kama uchaguzi wa mwaka jana, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye.

Dada, mlolongo ule umeacha majirani wasiosalimiana mpaka leo. Wenyeji watasimama huku, watu wa bara kule, na kesho yake tutagawana vifuniko. Na mimi je? Kusema kweli namtaka Jael, maana turubai limeozea mvuani. Lakini nikisimama nyuma ya Jael mchana, usiku nitalala nyuma ya nyumba. Nikasema, "Tupige kura ya siri." Wakanijibu, "Basi itafute wewe hiyo njia, isiwe ya gharama, na tuiamini." Ndiyo kamati yenyewe.

Nipe akili. Zangu ziko kwa fundi.

Mdogo wako,
Faki


Mlaleo, Kisauni
15 Machi 1989

Mdogo wangu Faki,

Marahaba. Mzazi yuaendelea vyema, na mtoto kachukua sauti yako, maskini.

Nimekuulizia. Jirani yetu Dishon afanya kazi ofisi moja kule Nyali, na wana kompyuta. Asema itapiga chapa karatasi na kuhesabu kura kabla hujafunga mdomo. Nikamuuliza bei. Ile aliyonitajia yanunua sufuria nyingine na mbuzi wa kutia ndani. Nikamuuliza, "Na umeme ukikatika?" Akacheka: "Mama, hapo sasa tunangoja." Basi na wangoje.

Karatasi usijaribu. Nusu yenu hamjui kuandika, na nusu hati zenu zajulikana mpaka Kwale.

Fanya hivi. Tafuta mitungi miwili, mmoja uufunge kitambaa chekundu, mmoja cheupe, kila mgombea na wake. Tia mchanga chini ili kisisikike kitu kikianguka. Ning'iniza leso mbele. Kila mtu apewe komwe moja ya bao, atie mkono katika mitungi yote miwili, aiache komwe katika mmoja. Mitungi ikae tangu asubuhi hadi magharibi, wenye zamu bandarini nao wapate nafasi. Gharama yake ni kuwabembeleza wacheza bao wapumzike siku moja.

Nawe ukiwa nyuma ya leso, usichungulie kumtafuta mkeo.

Dadako,
Mwanakheri


Mtongwe, Likoni
3 Aprili 1989

Dada, shikamoo. Nyote hamjambo? Goti limepona, roho ndiyo inayochechemea.

Mitungi yako ilipendwa. Tulipomimina, komwe zikazidi watu! Kelele zikaanza: "Wizi!" "Faki, umefanya nini?" Kumbe ni Mzee Kitsao, bingwa wetu wa bao. Aliingia na komwe zake mfukoni, akatia huku, akatia na kule.

"Mzee, si tulikupa moja?"

"Mwanipa kete moja kama mtoto? Tena mashimo mawili! Mkono wangu tangu ujana haujui kuruka shimo."

Watu walicheka mpaka hasira zikaisha. Tukamwaga zote, tukakubaliana na mambo mawili: Mzee akunjue kiganja kwanza, na yeyote asiseme alimpa nani, hata nyumbani kwake. Tukarudia. Jael kashinda kwa komwe moja.

Niandikie upesi. Nyumbani sina wa kuzungumza naye.

Mdogo wako,
Faki


Mlaleo, Kisauni
20 Aprili 1989

Faki,

Marahaba, na pole. Tsuma wa makaa alipita hapa, akaniambia mkeo Mwanasaumu amekukatia sukari, chai wanywa kavu. Eti ile komwe moja ni yako, umemuuza mamake.

Mimi ndiye niliyekupa wazo la ile mitungi, na nyumba ikivunjika nitajiona nimeivunja. Hebu niambie ukweli.

Dadako,
Mwanakheri


Mtongwe, Likoni
6 Mei 1989

Dada, shikamoo. Natumai arobaini imetoka salama.

Wallahi nakueleza ilivyokuwa. Mara ya kwanza nilimpa Jael. Tuliporudia, niko nyuma ya leso, nikamsikia Bi Mwanatatu akikohoa nje. Nikakumbuka siku ya posa yangu, wajomba wakisema mimi mfupi, tena sina kazi. Yeye akawaambia, "Hata mnazi huanzia chini." Mkono ukaiacha komwe katika mtungi wake. Turubai na lioze.

Kwa hiyo naadhibiwa bure, na kujitetea siwezi, kwani masharti nimeyaweka mimi.

Ijumaa Bi Mwanatatu akaja, Mwanasaumu yuko kisimani. Akasimama upande wa pili wa pazia, kama adabu ya mkwe itakavyo.

"Faki."

"Labeka, mama."

"Kura yako ulimpa nani?"

"Mama, ni siri."

"Vyema. Yangu mimi nilimpa Jael."

Chai kavu ikanitokea puani.

"Nimechoka, mwanangu. Kila afiwaye usiku aja kunigongea mimi. Na yule mwanamke huosha sufuria mpaka mgongoni, nimemtazama. Lakini ningesimamaje nyuma yake, na ndugu zangu wote wamekodoa macho? Shukuru mitungi."

Nami nikamwambia yangu. Kisha pazia likaanza kutikisika, mama wa watu acheka.

"Kumbe tumepishana mlangoni!"

"Nimwambie Mwanasaumu?"

"Thubutu! Nitakayenyimwa sukari ni mimi. Mwambie Mwanakheri peke yake, mitungi ni yake."

Jumapili kulikuwa na arusi. Jael kabla hajapakua alimpelekea Bi Mwanatatu sahani ya kwanza aonje chumvi. Alionja, akasema imepungua kidogo, wote wawili wakaridhika. Hapana nyumba iliyoacha kusalimiana na jirani, ila yangu ndiyo haisalimiani humo ndani.

Nako si kubaya sana. Chai ya asubuhi hii ilikuwa na tangawizi. Sukari bado.

Mdogo wako,
Faki