Koti la Kijivu na Vidole vya Mama Mkwe

Shangazi Khandmaa, shikamoo. Ukurasa wako naufuata kila Jumatano, na siku zote nimekuwa nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema hawa hawana mama, hawana dada, mpaka wakamwambie mambo yao mtu wa gazetini, na leo ni mimi, na mama ninaye, na dada ninao wawili, lakini jambo hili siwezi kumwambia hata mmoja wao.

Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa mwaka wa tatu sasa, tunaishi ghorofani upande wa mashariki wa Ulaanbaatar na nafanya kazi mapokezi katika kampuni ya bima. Mume wangu Ganzorig yuko mgodini kusini, wiki mbili kule na wiki moja hapa. Kwao ni wafugaji, mwendo wa saa saba kwa gari, na mama yake, mama mkwe wangu Dulamsuren, ni mshonaji anayejulikana wilaya nzima. Mwaka nilioolewa alinishonea deel ya baridi, joho refu la ngozi za wanakondoo wa kundi lake mwenyewe, kitambaa cha buluu iliyokolea, mikono mirefu inayomeza vidole kama inavyotakiwa, alikaa nayo vuli nzima, na aliponivalisha alinizungusha mara mbili akasema, "Haya. Ukiwa na hii, baridi itakutafuta isikuone."

Siku ya kwanza nilipoivaa kazini, Solongo, tunayekaa naye mapokezi, aliniangalia toka utosini hadi miguuni akauliza mbele ya wateja, "Shosti, farasi umemfunga wapi?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini kesho yake moyo ulikuwa mzito kuivaa, tena ndani ya basi nilikuwa natoka jasho nikifika ofisini nimelowa, nikasema basi, nikaenda kununua koti la kijivu, la sufu, limebana kiunoni, kola ndogo, mikono inaishia kifundoni ili saa ionekane, na urefu wake juu ya magoti. Lilinipendeza, Shangazi, sitakudanganya. Solongo akaniambia, "Sasa umeingia mjini," na nikafurahi kama mtoto.

Deel ikabaki kabatini ikijaza nusu ya kabati, mpaka mwezi wa kumi na moja nilipomwona Tsermaa, mama anayefagia theluji na kulinda magari hapa kwetu, amevaa makoti mawili mabovu moja juu ya jingine, huruma ikaniingia, na uvivu wa kulipanga kabati nao ulikuwepo, lazima niseme kweli, nikapanda juu nikaitoa nikampa. Akaishika, akaigeuza ndani nje, akaniambia, "Hii imeshonwa na mtu kwa ajili ya mtu. Mwenyewe anajua?" Nikasema anajua. Hakujua. Wala Ganzorig hakujua, na mpaka leo anampita Tsermaa mlangoni na kumsalimia bila kugundua, maana ni katika wale wanaume ambao ukiwauliza rangi ya mapazia yao wanageuka kwanza kutazama.

Ukafika mwaka mpya, sikukuu ya Mwezi Mweupe, tukaenda kwao. Ganzorig alipouliza deel yangu iko wapi nikasema nimeisahau mjini, akanuna kidogo, yakaisha. Siku ya tatu tukatoka sisi watatu, yeye, mama na mimi, kwenda kumsalimu mjomba wao, na wakati wa kurudi, saa tisa alasiri, gari likazama kwenye theluji bondeni na injini ikazimika na haikuwaka tena. Nyuzi thelathini na saba chini ya sifuri. Tuliona moshi wa kambi ya watu nyuma ya kilima, Ganzorig akasema anakwenda kuomba msaada, tusitoke garini.

Shangazi, gari lisilowaka ni sanduku la bati. Mlango wa nyuma ulikuwa haufungiki mpaka mwisho na upepo uliingia hapohapo. Lile koti langu nilikuwa nimelivaa juu ya blauzi nyembamba kwa sababu sweta haliingii ndani yake, na upepo ulipita katikati ya vifungo kama umealikwa, na magoti yangu sikuyasikia tena. Mama mkwe alikuwa ananitazama tu. Kisha akaniuliza:

"Ndani ya hicho kikoti una nini?"

"Blauzi, mama."

"Blauzi." Akafungua mshipi wake. "Sogea hapa."

"Mama, utaumwa wewe."

"Sogea, usinibishie! Nimekuomba ushauri?"

Akatoa mikono yake ndani ya deel yake, akatufunika sote wawili kama blanketi, akanivua glavu zangu za urembo akanivalisha zake, na yeye akakaa upande wa ule mlango akiushika ukingo wa deel kwa mkono wake wa kulia ili usifunguke. Mkono mtupu. Nilimwambia tubadilishane akakataa, nikamwambia tena, akaanza kunisimulia habari za mbuzi wao mmoja mwizi ili ninyamaze. Ganzorig alirudi na watu saa kumi na moja. Tulipofika kwenye jiko lao na mama akauweka mkono wake kwenye mwanga, vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

Daktari wa wilaya anasema ncha huenda zikakatwa. Baada ya wiki tatu mama anakuja mjini kwa daktari mkubwa na atakaa kwetu mwezi mzima, na kila asubuhi atakapotoka kwenda hospitali atamkuta Tsermaa mlangoni ndani ya deel ile. Nimefikiria kuichukua kwa Tsermaa kwa kumnunulia nyingine. Nimefikiria kumwomba achukue likizo. Nimefikiria kusema niliibiwa. Silali. Na tangu siku ile koti la kijivu sijaligusa, nakwenda kazini na jaketi la mgodini la Ganzorig linalonifika magotini, Solongo sasa hata hacheki, ananihurumia, nalo ni baya zaidi. Nifanye nini juu ya mama? Na usinione mwehu, nichague koti gani? Nikisimama dukani mbele ya makoti nalia, natoka mikono mitupu.

Ni mimi, mkwe wa mshonaji.

*

Mkwe wa mshonaji, marahaba, na futa machozi kwanza, maana nitakusema.

Umeandika kurasa nne na koti umelitupia lawama mara sita. Koti halina kosa. Lilishonwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kwenye teksi na kuingia mlangoni, na kazi hiyo linaijua. Wewe ndiye uliyelipeleka bondeni siku ya nyuzi thelathini na saba juu ya blauzi. Hata mtoto wa shule ya chekechea mjini hapa anajua kuwa ukitoka barabara ya lami unatoka na ngozi ya kondoo, hata kama safari ni ya kwenda kunywa chai na kurudi. Ulijua. Ulinyamaza kwa sababu ungeomba deel ya kuazima kwa wakwe zako, wangekuuliza tena ya kwako iko wapi.

Kumpa Tsermaa lile joho si dhambi yako. Ni jambo jema pekee katika barua yote, hata kama kabati nalo lilikuwa na haja zake. Mwanamke anayekaa nje saa kumi kwa siku amevaa nguo iliyoshonewa kukaa nje. Ukithubutu kumvua ili kuficha uongo wako, usiniandikie tena. Na likizo unayotaka kumpa, theluji utaifagia wewe?

Dhambi yako ni kwamba mwanamke mwenye vidole vya thamani alikuuliza, kwa njia yake, una nini mwilini, ukaona ni afadhali mgande nyote kuliko kusema. Hilo huwezi kulivua na kulitundika.

Basi sikiliza. Usingoje mama afike mlangoni. Nenda stendi ya mabasi siku atakayokuja, peke yako, Ganzorig akiwepo mwambie abaki nyumbani achemshe chai. Mbebee mzigo, mkalishe ndani pale penye joto, umwambie yote: uliyempa, lini, na kwamba ulidanganya mara mbili. Usilie kabla yake. Ukianza wewe kulia, yeye ndiye atakayelazimika kukubembeleza, na atakuwa amekufunika mara ya pili. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na hasira ya mama mkwe haijawahi kumgandisha mtu.

Sasa koti, kwa sababu swali lako si la kipuuzi hata kidogo, na nusu ya wasomaji wangu wanalo.

Ulinunua koti kwa ajili ya Solongo. Nunua la maisha yako. Siku yako ikoje? Wewe mwenyewe umesema: unangoja basi, halafu unabanana ndani ya basi lenye joto, halafu unakaa ofisini kwenye joto. Kwa hiyo deel ya ngozi kwa mtu wa basi ni mateso, hapo ulikuwa sahihi, na ungemwambia mama hivyo mwaka ule ule asingekuua, angekushonea nyepesi. Unataka koti la manyoya ya bata, jepesi, linalofunguka haraka mbele ukipanda basi, linaloshuka chini ya magoti. Zipu iwe na kitambaa cha kuifunika, upepo usipate tundu. Mkono ufike kwenye mafundo ya vidole, saa yako tutaiona ukiwa ndani. Kola ipande mpaka masikioni au liwe na kofia. Nenda dukani umevaa sweta lako nene kuliko yote, vaa koti juu yake, nyanyua mikono, chuchumaa, keti. Likikubana kokote, rudisha. Kioo kiwe cha mwisho, na hapo ndipo uchague rangi inayokupendeza, hata iwe ya mvinyo, na mkanda wa kuonyesha kiuno kama unacho. Kupendeza hakukatazwi. Mwanamke anayetetemeka hapendezi, hata avae nini.

La kijivu liweke, mwezi wa nne utalihitaji. Jaketi la mumeo mrudishie.

Na kama ukisimama dukani ukaanza tena kulia, usiende peke yako. Nyumbani utakuwa na mtu ambaye vidole vyake ni vigonjwa lakini macho yake ni mazima. Mwombe aje akuchagulie.

*

Mwezi mmoja na nusu baadaye barua ya pili ilifika. Mwenyewe ameniruhusu niichape.

Shangazi, shikamoo tena. Nilikwenda stendi. Nilimwambia yote kama ulivyosema, sikulia, niliuma shavu kwa ndani mpaka nikasikia damu. Mama alikuwa anatazama watu wanaopita na mizigo yao, nikadhani hakusikia, mara akauliza:

"Anaivaa kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Ni mnene kuliko wewe?"

"Mnene kidogo."

"Basi itakuwa imeachia kwapani," akasema, akasimama, akatangulia.

Tulipofika mlangoni Tsermaa akatusalimu. Mama akamwendea, akamnyanyua mkono kwa mkono wake mzima kama anamkagua farasi, akatazama kwapani, akaniambia bila kunigeukia, "Umeona?" Kweli mshono ulikuwa umefumuka. Tsermaa maskini akaanza kuivua palepale, akasema, "Dada, kama ni yako mimi sikujua." Mama akamzuia. "Nikikuona umeivua baridi hii nitakupiga. Ukimaliza zamu uje juu."

Siku tatu mama hakuzungumza nami ila kwa maneno ya lazima: chumvi, chai, funga dirisha. Ganzorig nilimwambia kwa simu, akasema ningemwambia pale garini kwamba ndani nina blauzi tu asingetuacha peke yetu, angetukokota sote mpaka kwenye kambi ile hata kwa kutubeba, na hilo nalifikiria kila siku. Daktari alikata ncha ya kidole cha shahada. Cha kati kimepona, ila hakina hisi.

Wiki ya pili mama mwenyewe akasema, "Vaa hilo jaketi la mwanangu kwa mara ya mwisho, twende sokoni." Alinivalisha makoti kumi na moja, Shangazi. Alinichuchumaza mbele ya watu. Muuzaji akasema, "Mama, hili ndilo wanalovaa warembo wote mwaka huu," mama akamjibu, "Ndiyo maana wote wana mafua." Tumepata la kijani kibichi, linashuka mpaka katikati ya miundi, jepesi, lina mkanda. Solongo ameliuliza bei, sikumtajia.

Tsermaa alikuja jioni ile ile ya kwanza na ile deel tukaitandaza mezani. Mama alichukua sindano kwa mazoea, akajaribu kuishika mara tatu, ikamponyoka mara tatu, akaiangalia pale ilipoanguka. Akanisukumia uzi.

Sijawahi kushona ngozi. Inakataa sindano, vidole vinauma, nilitoa mshono uliopinda kama njia ya mbuzi. Mama akainamia akautazama kwa karibu sana, Tsermaa naye akiwa amekaa na chai yake.

"Fumua," mama akaniambia. "Anza tena."

Nimefumua mara nne mpaka sasa. Kila jioni Tsermaa anapanda, tunakaa watatu, na mama amesema harudi kwao mpaka mshono ule unyooke.