Kakao ya Mwenyekiti

Ikolo, Kyela
Jumapili, baada ya ibada

Kwa dada yangu mpenzi Veronika,

Mugonile, dada. Nakusalimu nikiwa na matumaini kwamba barua hii itakukuta umeamka vizuri, na ule mguu umepunguza kukusumbua. Dawa ya kuchua uliyopewa zahanati unaitumia, au umeiweka kabatini kama kawaida yako? Shemeji naye kifua chake kinaendeleaje? Nasikia mpunga wa huko Mwaya mwaka huu umesimama vizuri na maji hayakuufikia, nimefurahi sana. Sisi huku hatujambo. Mvua bado haijatuachia, ndizi zipo, na nguruwe wangu amezaa. Anayekuletea barua hii ni Atupele, binti wa jirani. Mpe chai kabla hajageuza.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nakujua, dada yangu. Ningemtaja mwanao Ambilikile kwa ubaya mara moja tu, ungekata, halafu kesho ungesema mtandao wa kwenu haushiki. Barua hata ukiitupa chini utarudi kuiokota. Naandika nina hasira, sikufichi, na ninajua ukifika mwisho huenda usitake tena kuniita mdogo wako. Hata hivyo nakuomba uisome yote.

Unakumbuka siku Ambilikile alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika wa kakao. Ulikuja na vigelegele vyako, ukacheza mpaka kitenge kikakudondoka. Nami nilicheza. Ningeachaje kucheza? Mtoto aliyelala kwangu tangu darasa la tatu kwa kuwa shule ilikuwa karibu, niliyemfundisha mimi kupasua tunda la kakao bila kujikata kidole, leo anabebwa mabegani na watu wazima! Lakini wewe ulikuja siku ya furaha tu. Maneno yaliyomfikisha pale hukuyasikia.

Alikuwa akipita vitongojini na kikundi cha ngoma yetu ya ing'oma, anapanda juu ya gari la mizigo, anawaambia watu kwamba kakao ni kakao. Hakuna ya daraja la kwanza wala la pili, alisema, hayo ni maneno ya wakubwa ya kumpunja mnyonge. Mpima ubora akaitwa adui wa mkulima. Kuvundika kakao kwenye masanduku karibu wiki nzima, kuifunika majani ya migomba na kuigeuzageuza, alisema ni kazi iliyotungwa na watu ambao hawajawahi kushika panga. Wale wanaouza njemke, yaani kakao mbichi iliyokatazwa kuuzwa, ambao siku zote walikuwa wakijificha vichakani na ndoo zao, aliwaambia watoke wazi wailete chamani. Kakao yote itamwagwa pamoja na watu wote watalipwa bei moja. Dada, watu walipagawa. Mpaka watoto wa chekechea walikuwa wakiimba kakao ni kakao.

Sikatai, malalamiko mengine yalikuwa ya kweli. Mpima yule alikuwa na mdomo mchafu, aliwahi kumwambia mzee wa watu kwamba kakao yake inanuka kama soksi. Malipo ya mnada yalichelewa, na mtu mwenye mgonjwa ndani hawezi kuambiwa asubiri mnada. Mambo hayo tuliyasema hata sisi wa kamati ya usimamizi, tukayaandika, tukayafuatilia. Lakini mpima akiwa na mdomo mchafu unamwondoa yeye, huondoi upimaji wenyewe. Ambilikile aliondoa vyote viwili, akapigiwa makofi.

Kisha akaja kwetu. Kazi ya kamati ya usimamizi unaijua: kukagua mwenyekiti anafanya nini, kufungua ghala na kuangalia, kuuliza maswali yanayoudhi. Ndiyo maana masharti ya chama yaliiweka. Mkutano wake wa kwanza aliuitisha uwanja wa mpira, hakuna kiti hata kimoja, watu wote tumesimama juani. Akasema kamati ni mzigo, kwamba kamati yake ni wananchi wenyewe. Halafu akatangaza kwamba wanaokubali ivunjwe wasimame. Wasimame! Watu waliokuwa wamesimama tangu asubuhi! Nilicheka, nikidhani ni utani, mpaka nikaona katibu anaandika kwamba tumekubali sote. Nilinyoosha mkono niseme, ngoma zikapigwa. Tangu siku hiyo chama chetu hakina mtu wa kumwuliza mwenyekiti chochote, na ukiuliza unaitwa wakala wa walanguzi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya sherehe. Watu wakaacha masanduku yao yaliwe na mchwa. Kwa nini mtu ahangaike wiki nzima wakati jirani yake ameleta mbichi, ikaanikwa siku chache, na bei ni ile ile? Ni wachache tu walioendelea kuvundika. Mmojawao ni Neli, yule mjane wa jirani yangu unayempenda kwa togwa yake. Neli hajui kufanya kazi ovyo. Alivundika, akageuza, akaanika kwenye kichanja, mvua ikija anaanua, jua likitoka anaanika. Alikuwa anaitegemea kakao ile kumpeleka binti yake Kisa chuo cha uuguzi, kwa sababu nafasi alikuwa ameshaipata. Alipofikisha mzigo wake chamani, niliona kwa macho yangu ukimwagwa juu ya lundo la kila mtu. Neli aliomba iwekwe pembeni. Kijana wa ghala akamjibu kwamba siku hizi hakuna pembeni.

Siku ya mnada mnunuzi alichukua punje kiganjani, akazikata mbele yetu. Moja ilikuwa ya kahawia kama inavyotakiwa. Zilizofuata zote zilikuwa za zambarau, ngumu, chungu hata ukizinusa. Alikata za gunia la pili, akakata za la tatu, akafuta kisu kwenye suruali na kusema kwa upole kabisa kwamba mzigo huu hauchukui, na mwingine hauchukui mpaka aone tunapima tena. Wenzake nao wakasogea pembeni. Mzigo wa kijiji kizima ukarudi ghalani, na huko umekaa mpaka ukaota ukungu. Kisa hakwenda chuo. Mama yake alikuja kwangu, tukakaa jikoni tukimenya ndizi, na aliyemfanyia hivyo ni mtoto wangu.

Ungetegemea mwenyekiti aje aseme tumekosea, turekebishe. Thubutu! Alipanda tena juu ya gari lake akasema hii ni hujuma ya wale tuliowanyang'anya ulaji. Watu wenye kakao iliyooza ghalani wakampigia makofi, dada! Neli alipelekewa sukari na khanga, akapigwa picha akivipokea. Sijawahi kuona hasira kama niliyoiona usoni kwa Neli kwenye picha ile, ingawa chini yake imeandikwa kwamba mama anashukuru.

Nikasema huyu ni mwanangu, hawezi kunishinda kwa maneno, nitamfuata nyumbani kwake tuzungumze kama mama na mtoto. Nikachukua mkungu wa ndizi nikaenda Bondeni. Nilipofika mlangoni, kabla sijabisha, pua yangu ikaniambia jambo. Unaijua ile harufu ya kakao inayovundikwa, kali kama siki, inayokaa kwenye nguo hata ukifua. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikakuta masanduku, mazuri, ya mbao mpya, yamepangwa moja baada ya jingine kwa ajili ya kugeuzia. Nikafunua jani la mgomba nikaingiza mkono. Kakao ilikuwa ya moto vizuri, imeiva, haina kasoro hata moja. Majani alikuwa ameyachomeka pembeni kama nilivyomfundisha akiwa mdogo, ili joto lisitoke. Nilikaa chini pale pale kwenye matope nikiwa na kitenge changu cha kanisani.

Mwanao alinikuta hapo. Nilitegemea aone aibu, lakini alicheka, akaninyanyua, akanifuta matope, akaniita mama mdogo kwa ile sauti yake tamu. Nilimwuliza kwa nini anawaambia watu wasivundike wakati yeye anavundika. Alinijibu kwamba yale ni maneno ya jukwaani na haya ni mambo ya nyumbani, na mimi niliyesoma sipaswi kuyachanganya. Alisema watu hawataki kuambiwa waamke alfajiri wageuze kakao, wanataka kuambiwa wameonewa. Kwa hiyo anawaambia. Nikamwuliza kuhusu Kisa, binti wa Neli. Akasema Kisa bado mdogo, vyuo vipo kila mwaka. Kisha, akinisindikiza, akaniambia kwa upole kwamba hata nikisema hakuna atakayeniamini, kwa sababu kila mtu anajua niliondolewa kwenye kamati na nina kinyongo.

Na kinyongo ninacho. Nani asingekuwa nacho? Lakini kinyongo changu hakikuweka masanduku nyuma ya nyumba yake.

Baada ya hapo hatukukaa kimya. Neli alikuwa wa kwanza kuweka sahihi ya kuomba mkutano mkuu maalumu, nami nikafuata, halafu watu wakaanza kuja mmoja mmoja, hata waliombeba mabegani. Afisa ushirika amekubali, na mkutano ni Jumamosi hii. Tunaomba kamati irudi, upimaji urudi, na mwenyekiti ajibu maswali. Ambilikile alipojua, akamtuma baba yetu mdogo, mzee Anyelwisye. Mzee alikuja na fimbo yake, akala, akashukuru kwa ndaga fijo, kisha akaniambia kwamba anayeanika mambo ya ukoo mbele ya watu asitegemee ukoo. Alisema siku nitakayofiwa watakuja kama wageni, watatoa rambirambi na kuondoka kabla ya maziko. Dada, kwetu sisi hakuna neno zito kuliko hilo, na mzee alilisema akiwa bado ana mchuzi wangu mdomoni. Sikulala siku hiyo. Lakini asubuhi nilipoamka nilikuwa bado na nia ile ile.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ile Bondeni, wakati natoka na mwanao ameshanisindikiza na kurudi ndani, nilimkuta Yusto, yule anayebeba mizigo kwa pikipiki ya magurudumu matatu, anapakia magunia makavu kutoka stoo ya Ambilikile. Nilimwuliza anayapeleka wapi, maana chama chetu mzigo wake umekataliwa. Yusto hana hila, hakujua kama kuna siri. Alinijibu kwamba anapeleka Mwaya kama siku zote, kwenye chama cha huko ambako bado wanapima, na yanapokelewa kwa jina la mama yake mwenyekiti kwa sababu yeye ni mwanachama kule. Akaongeza kwamba mama huwa anawapa togwa wapakuzi.

Hapo ndipo tulipo, dada yangu. Kakao ya mwanao inavundikwa Bondeni na inauzwa bei nzuri Mwaya kwa jina lako, wakati ya Neli imeoza Ikolo.

Sijui unajua nini. Nimejiambia mara nyingi kwamba labda alikuambia ni kakao ya rafiki, au ya shamba la wakwe zake, nawe ukaamini kwa kuwa ni mwanao na hukuwa na sababu ya kumwuliza. Mara nyingine ninakuona ukiwapa wapakuzi togwa huku unajua kila kitu, na ninakukasirikia. Sitaki kukuhukumu nikiwa mbali. Lakini Jumamosi nitasimama, na nitakapoulizwa kakao ile imeuzwa kwa jina la nani, nitasema ni Veronika, dada yangu wa tumbo moja. Siwezi kumtaka Ambilikile ajibu maswali kama mtu mwingine yeyote, halafu wewe nikakuruka kwa sababu tumenyonya ziwa moja.

Nimekuambia mapema ili usije ukalisikia kutoka kwa watu. Kama hukujua, njoo useme hukujua, na nitakuwa wa kwanza kukushika mkono. Kama ulijua, njoo hivyo hivyo. Kaa mahali ninapoweza kukuona, nitaje jina lako nikiwa ninakutazama usoni.

Msalimie sana shemeji, mwambie apunguze kukaa kwenye moshi. Wasalimie wajukuu wote na mama mchungaji. Neli naye anakusalimu. Yeye hajui bado nilichokuandikia hapa mwishoni, anajua tu kwamba nakuandikia. Kyala akulinde.

Njoo Ijumaa ulale kwangu. Nitapika ndizi na samaki, tutakula, hatutalizungumza. Jumamosi asubuhi tutakwenda mkutanoni pamoja, hata kama tutarudi kila mtu na njia yake.

Ni mimi mdogo wako,
Lucy